Moto wa Kuangalia

Elia anajua kusimulia, hilo siwezi kumnyima. Jumapili iliyopita tulikutana Bigwa, hapa Morogoro, chini ya turubai la kukodi, kwenye sherehe ya Komunyo ya Kwanza ya mtoto wa rafiki yetu, yule ambaye ndoa yetu ilipovunjika alikataa kuchagua upande. Kabla sahani za pilau hazijamaliza kuzunguka, Elia alikuwa ameshaiteka meza nzima kwa kisa cha mwaka ule ambao mimi na yeye tulihamia Mgeta, huko juu milimani, kutafuta furaha. Alisimulia kofia ya manyoya yenye masikio aliyoinunua kwenye mitumba, ikaishia tumboni mwa mbuzi wa jirani. Alisimulia jinsi tulivyolala na soksi jozi tatu kila mmoja, kama watu waliofungwa bandeji. Watu walicheka, mama mmoja akapaliwa na soda, na mke wake wa sasa, mwanamke mtulivu ambaye nilijikuta nampenda bila kutarajia, akauliza, "Sasa mbona mlirudi?" "Baridi, mama watoto," Elia akasema. "Baridi ilitutoa nduki." Kisha akanigeukia mimi, na sauti yake ikashuka kidogo. "Lakini tulikuwa na furaha kule. Au siyo, Salome?" Nikasema ndiyo, tulikuwa nayo. Sikudanganya, na hilo ndilo linalonichosha. Nimerudi nyumbani Kihonda, nimekaa mbele ya feni inayosukuma joto kutoka ukuta mmoja kwenda mwingine, na nimeona kwamba kisa cha Elia kinaishia mwezi wa tisa ulipoanza. Mimi nilibaki kule mpaka wa kumi.

Wazo lilikuwa lake, ingawa nililidaka kama langu. Tulikuwa tumepanga vyumba viwili hapa hapa Kihonda, chini ya bati lisilo na dari, na tulikuwa tumefikia ile hatua ya ndoa ambapo watu hugombania nani ameacha mlango wa friji wazi. Jioni moja Elia aliinua macho kutoka kwenye simu kama mtu aliyepokea barua. Alikuwa amesoma kwamba watu wenye furaha kuliko wote duniani wanaishi kwenye nchi za theluji, na kwamba siri yao ni moto, blanketi, kinywaji cha moto na mtu wa kukaa naye. "Umeona?" akasema. "Siyo mimi, siyo wewe. Ni joto." Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nilikuwa naandika riwaya yangu ya kwanza, na niliamini kwa moyo wangu wote kwamba riwaya nzuri haziandikwi na watu wanaotokwa jasho. Kwa hiyo nilimwona nabii. Yeye kazi yake ilikuwa kupanga kurasa za vitabu vya shule kwenye kompyuta, kazi ambayo angeweza kuifanya popote penye umeme. Tukazunguka mitumba ya mjini tukinunua makoti mazito ambayo wauzaji walikuwa wameshayakatia tamaa, mablanketi, soksi za sufu, na ile chupa ya mpira ya kujaza maji ya moto, ambayo muuzaji alituuzia kama kifaa cha wagonjwa na kutupa pole.

Tulipanda mwezi wa tano, nyuma ya fuso lililokuwa linarudi tupu kufuata kabichi, tumekalia magodoro yetu wenyewe. Kila kona ya barabara ilitupunguzia joto kidogo, na Elia alikuwa akinishika mkono kila mara akisema, "Unasikia? Unasikia?" Nyumba tuliyopata ilikuwa ya Bibi Koleta, mjane wa miaka sabini na kitu, mrefu, mwenye macho yaliyoanza kuingia utando na kifua kilichomsumbua. Ilikuwa nyumba ya marehemu mama yake: vyumba vitatu vya tofali za kuchoma, na nyuma yake, hatua tano tu, jiko la nje la udongo lenye paa la nyasi. Yeye mwenyewe alikuwa ameshuka kuishi kwa binti yake, chini ya mteremko, mahali ambapo ukisimama mlangoni unaziona paa zetu mbili zimebebana kama paa moja. Nilimwamkia, akaitikia marahaba yake ndefu, na badala ya kutuonyesha vyumba akatupeleka moja kwa moja jikoni. Juu ya mafiga kulikuwa na dari la miti iliyopangwa kwa karibu, nyeusi ti kwa masizi ya miaka mingi kuliko umri wake. "Nyumba nitawapa," akasema, "na kodi sitawakamua. Ninachotaka kwenu ni moshi."

Akatueleza taratibu, kama mtu anayejua anaongea na watu wa mjini. Huko Uluguru shamba hufuata upande wa mama, na katika ukoo wao mbegu nayo ilifuata upande huo huo. Maharage yao yalikuwa madogo, rangi ya maziwa, yenye duara jekundu kuzunguka jicho, na hapakuwa na duka lililoyauza. Baada ya mavuno ya mwezi wa sita, ya mbegu yalifungwa matita na maganda yake, yakapangwa juu ya dari lile, na moshi wa chini ukayalinda: ukafukuza wadudu, ukakausha unyevu wa ukungu unaoingia Mgeta kila mlango. Mwezi wa kumi, kabla ya mvua, wanawake wa ukoo walikuja na nyungo zao, nyumba saba, naye akawapimia. Hakuna aliyeweka mbegu yake kwake. Kuweka yako ilikuwa sawa na kusema hadharani kwamba nyumba ya mama huiamini. "Daktari wa zahanati kanikataza moshi," akasema, akijigonga kifuani. "Na binti yangu kule chini anapikia gesi. Kwa hiyo mtaniwashia nyie. Asubuhi na jioni, kila siku, hata kama mnachemsha maji ya kunywa tu." Elia akaitikia haraka, naye akamkata. "Mimi namuuliza huyu. Jiko ni la mwanamke anayewasha. Nikishakukabidhi sitaingia humu mpaka uniite, na dari likishafungwa halifunguliwi mpaka mwezi wa kumi. Ndivyo mama alivyonikabidhi mimi. Umesikia?" Nikasema, "Nimesikia, Bibi." Hapo ndipo alipocheka kwa mara ya kwanza, akamkagua Elia kuanzia viatu. "Na huyu mume wetu anajua kupasua kuni? Maana wewe mke mwenzangu naona una vidole vya kushika kalamu."

Mwezi wa sita nilikuwa mwaminifu. Bibi Koleta alipanda dari kwa mara ya mwisho mwaka ule, binti yake akimshika miguu, akayapanga matita yake kwa mikono isiyohitaji macho, akashuka akikohoa, na tangu siku hiyo akawa anakaa nje, kwenye jiwe lililo ubavuni mwa jiko, akiongea nami kupitia ukuta wa udongo wakati napika. Sijawahi kuwa na mazungumzo mazuri kama yale na mtu nisiyemwona. "Mke mwenzangu, mume wetu amekula?" "Amekula, Bibi." "Amesemaje?" "Amesema chumvi imezidi." "Mwambie ahamie kwangu. Mimi sina chumvi wala meno ya kumng'atia." Nilipika njegere, viazi, kabichi ambazo lori lilikuwa limezikataa kwa udogo, na uji asubuhi. Moshi uliingia kwenye nywele, kwenye kurasa, kwenye mkate. Niliandika nikilia machozi ambayo hayakuwa na uhusiano wowote na wahusika wangu. Nikirudi nyuma sasa naona kwamba yale ndiyo yalikuwa maisha ya milimani, yenyewe hasa, na kwamba sisi tulidhani bado hatujayafikia.

Kwa Elia furaha ilikuwa bado haijaanza, kwa sababu ile picha aliyoiona kwenye simu haikuwa na mwanamke anayefikicha macho kwenye kibanda. Ilikuwa na meko ya ukutani. Akaomba ruhusa ya kupitisha bomba la moshi kwenye dirisha la sebuleni, Bibi Koleta akakubali ilimradi ukuta usiguswe, na akaitwa fundi Beda, mwashi mwenye ulemavu wa kutoamini. Nilikuwa chumba cha pili nikiandika, na nikayasikia yote. "Hapa utapikia nini?" fundi akauliza. "Hatupikii," Elia akasema. "Utakausha nini?" "Hatukaushi." "Sasa moto wa nini?" "Wa kuangalia," Elia akasema. Fundi Beda aliweka mwiko chini. "Wa kuangalia," akarudia, polepole, kama mtu anayejifunza sala. Alijenga vizuri sana, lakini kabla saruji haijakauka kijiji kizima kilikuwa kinajua, na kwa wiki mbili tulipokea wageni waliokuja kuangalia moto wa kuangalia. Kwaya ya parokia ilipita baada ya mazoezi. Mzee mmoja aliuliza kama una sauti. Bibi Koleta alikuja na fimbo yake, akaketi kwenye kiti cha Elia, akanyoosha miguu, akautazama kwa heshima. "Ni mzuri," akasema. "Kama televisheni." Halafu akageuza uso kwangu. "Na jikoni?" "Na jikoni tunawasha kama kawaida, Bibi." Siku hiyo nilisema kweli.

Kisha ukaingia mwezi wa saba, na ukungu ukashuka ukakaa. Kuni zililowa zikiwa chini ya mapaa. Moto mmoja ulikuwa kazi ya nusu asubuhi, na mioto miwili ilikuwa vita. Elia ndiye aliyesema, lakini ningeweza kusema mimi: kwa nini tupike nje kwenye baridi wakati makaa ya sebuleni yanatosha kuivisha viazi? Tukavifukia viazi kwenye majivu. Tukaning'iniza birika kwenye ndoano aliyotengeneza fundi Beda, tukachemsha maziwa ya mbuzi na tangawizi, tukajifunika blanketi moja. Ni lazima niandike hili bila kulipunguza, kwa sababu Elia analisimulia kama kichekesho na mimi kwa miaka mingi nimelisimulia kama dhambi, na sote tunalikosea. Tulikuwa na furaha. Alikuwa akinisomea kurasa zangu kwa sauti, akizipa kila mhusika lafudhi yake, na nilikuwa nacheka mpaka chai inamwagika. Hatukugombana kwa wiki sita. Niliandika zaidi ya nilivyowahi kuandika kabla au baada. Jiko la nje sikuliwasha siku moja, kisha siku mbili mfululizo, kisha nikalifunga mlango kwa sababu kuku walikuwa wanataga kwenye mafiga. Sikuwahi kuamua kuacha. Ningependa hilo lieleweke, ingawa sijui linapunguza nini.

Na Bibi Koleta hakujua, kwa sababu moshi aliuona. Kila jioni alisimama mlangoni kwa binti yake, akainua macho yake yenye utando kuelekea kwenye zile paa mbili zilizobebana, akaona uzi wa moshi unapanda kutoka kwetu, basi. Baridi ilikuwa imemkataza kupanda mteremko, kwa hiyo tulionana Jumapili tu, baada ya misa, kwenye ngazi za kanisa. Alikuwa akinishika mkono kwa viganja vyote viwili. "Nimeuona moshi wenu jana," alikuwa akisema. "Nimelala vizuri. Mungu akubariki, mke mwenzangu." Mara ya kwanza nilifungua mdomo nimwambie, lakini watu walikuwa wengi. Mara ya pili nilijiambia kwamba nikifika nyumbani nitawasha, na nikawasha kweli, moto wa dakika kumi, kuni zikatoa mvuke zikazimika. Mara ya tatu nikasema, "Asante, Bibi." Kufikia mara ya sita nilikuwa nimezoea kupokea shukrani zile kama mtu anayepokea salamu zisizo zake na kuona uvivu kuzikanusha.

Mwishoni mwa mwezi wa nane nilikwenda jikoni kutafuta chungio. Mafiga yalikuwa meupe. Nilidhani ni majivu, nikagusa, na ulikuwa unga, laini kama poda ya mtoto, umeanguka kutoka darini na kuyafunika mawe yote matatu. Nilisimama pale muda mrefu kabla ya kupanda. Juu kulikuwa na harufu ya shimo. Matita ya pembeni yalikuwa yameota kuvu ya kijani, na ya katikati, ambayo unyevu haukuyafikia, yalikuwa ya wadudu. Nilipasua ganda moja, kisha lingine. Kila harage lilikuwa na vijitundu viwili vitatu, safi, vya duara, kana kwamba limetobolewa na mshonaji, na nililolibana kati ya vidole lilivunjika likawa unga. Nilimwita Elia. Akapanda, akashuka, akajipangusa mikono. "Haya ni maharage, Salome," akasema. "Tunaongelea maharage." Lakini hakuwa mtu mbaya, na aliogopa pia. Kwa siku nne tuliwasha jikoni moto ambao ungefaa kuchoma tanuri la tofali. Wadudu walidondoka wakiwa wamekaangwa, wakaingia kwenye nywele zetu na kwenye shingo za yale makoti mazito, na Elia alikimbilia nje akikohoa, amenuna kama paka aliyemwagiwa maji. Hata hilo analisimulia, lile la wadudu, ila anasema walikuwa kunguni.

Siku ya tano alipata wazo. Angeshuka na lori la kabichi mpaka sokoni Morogoro, atafute maharage yanayofanana, tuyapandishe darini kabla ya mwezi wa kumi. Aliondoka na konzi ya yale yaliyooza ndani ya soksi, iwe sampuli. Alipiga simu kesho yake. "Nimepata ya njano," akasema. "Yetu siyo ya njano." "Najua, lakini yana umbo lile lile." "Elia, Bibi anajua kila harage la mama yake." "Bibi haoni vizuri," akasema. Sidhani kama alikusudia ubaya. Alikuwa amechoka, kulikuwa na kelele za soko nyuma yake, na alitaka tu jambo liishe ili turudi kwenye blanketi letu. Ila pale pale nikajua kwamba sitaweza tena kukaa mbele ya moto na mtu huyu nikacheka. Ndoa yenyewe ilichukua miaka miwili zaidi kulitambua hilo. Simu iliyofuata alisema amepata kazi ya haraka mjini, nishuke, tuanze upya, joto siyo baya kihivyo. Nikamwambia nina kitu cha kumaliza. Kisa anachosimulia mezani kinaishia hapo, na kwa upande wake ni haki, maana yaliyofuata hayajui.

Nilishuka mteremko asubuhi. Bibi Koleta alikuwa ameketi uani kwa binti yake akifunga karoti mafungu mafungu kwa ajili ya lori, akizipanga kwa kugusa. Nilimwamkia nikapiga magoti, na kwa sababu sikuwa na desturi ya kupiga magoti alijua kuna jambo. Nikamwambia mbegu zimeharibika. Aliendelea kufunga fungu alilokuwa nalo mpaka likaisha. "Zote?" "Karibu zote, Bibi. Nimeacha kuwasha jikoni." "Tangu lini?" "Tangu mwezi wa saba ulipoanza." Akahesabu kimya kimya, midomo ikitembea. "Na ule moshi niliokuwa nauona?" "Wa sebuleni." Kuku mmoja akapita katikati yetu, akadonoa majani ya karoti, hakuna aliyemfukuza. "Kwa hiyo," akasema hatimaye, bila hasira, kama mtu anayetaka kuhakikisha ameelewa vizuri, "nilikuwa namshukuru Mungu kwa moshi wa kuotea miguu yenu." Nimeandika vitabu vitatu tangu wakati huo na sijawahi kuandika sentensi inayomfunga mtu mdomo kama ile. Akanyoosha mkono nimwinue. "Twende. Nifungulie jiko lako."

Hakupaswa kuingia bila kuitwa, lakini aliingia, na kwa siku mbili tulikaa chini ya dari lile yeye na mimi na binti yake, tukipasua maganda. Alikuwa anaweka kila harage mdomoni, analigusa kwa ulimi kutafuta tundu, kisha analitema kwenye kiganja: bovu huku, zima huku. Mazima yalijaza kikombe, na hakikufika ukingoni. Binti yake, ambaye alikuwa na haki ya kunitukana na hakuitumia, aliuliza kama yanaweza kugawanywa kwa nyumba saba. "Konzi konzi," Bibi Koleta akasema. "Ni kuwatia aibu." Halafu akamwambia binti yake, kwa Kiluguru kwanza, kisha kwa Kiswahili ili nisikie na mimi, kwamba kesho asubuhi atavuka bonde kwenda kwa Skolastika. Binti yake aliacha kupasua. Nilikuwa nimemsikia Skolastika akitajwa mara moja tu, kupitia ukuta wa jiko: mdogo wake wa tumbo moja, aliyegunduliwa miaka mingi nyuma kwamba anajiwekea mbegu yake mwenyewe. Bibi Koleta alimwita mwizi wa mbegu ya mama, mbele ya wanawake wote, na Skolastika hakuja tena na ungo wake. Zilikuwa nyumba nane zikawa saba.

Tulikwenda mimi na yeye. Safari ya saa moja ilituchukua nusu siku, kwa sababu ya kifua chake, na kila tulipopumzika alikuwa anatazama makali ya matuta yaliyopangwa mlimani kama ngazi, asiyaone, anayajua. Skolastika alikuwa mfupi, mnene, amesimama mlangoni mwa jiko lake na mwiko mkononi. Alituona tangu mbali na hakuja kutupokea. "Leo jua limetokea wapi?" akasema. "Dada kapanda mpaka kwangu." "Nimekuja kuomba," Bibi Koleta akasema, bado anahema. "Kuomba nini?" "Unajua." "Mimi sijui. Mimi mjinga. Sema." "Mbegu ya mama." Skolastika akaweka mwiko juu ya ukingo wa dirisha. "Si ulisema mbele ya watu kwamba niliiba?" "Nilisema." "Na leo?" "Leo nashukuru uliiba." Nadhani alikuwa amejiandaa kwa miaka yote ile kupokea maneno mengine, maana alibaki ameachama, kisha kikamtoka kicheko kifupi kilichomuudhi mwenyewe. Akanielekezea kidevu. "Na huyu nani?" Nilifungua mdomo niseme. Bibi Koleta akaniwahi. "Huyu mke mwenzangu. Amenisindikiza." Hakuongeza kitu. Mpaka leo sijui alininyima adhabu au alinihurumia, na nimechoka kuuliza.

Jiko la Skolastika lilikuwa dogo, na ndani yake, karibu na mafiga, kulikuwa na kitanda cha kamba. "Nalala humu," akasema alipoona nakitazama. "Ukiwa na mbegu yako peke yako, nani atakuwashia?" Akashusha tita moja, akalipasua mbele ya dada yake, akammiminia kiganjani. Bibi Koleta hakuyaweka mdomoni. Aliyasogeza puani, akavuta pumzi, na kikohozi kikamshika papo hapo, akakohoa akitabasamu. Skolastika alimngoja amalize. "Nitatoa kwa nyumba zote," akasema. "Ila waje hapa. Na mwakani hapa. Mimi siwezi kubeba mbegu kwenda na kurudi kama muuza nyanya." Ilikuwa kauli fupi, imesemwa huku anapangusa mikono, na ilimaanisha kwamba nyumba ya mama imehama. Bibi Koleta aliinua uso kuelekea kwenye dari jeusi asiloliona sawasawa. Machozi yalimtoka, ambayo yangeweza kuwa ya moshi. "Una moshi mzuri," akasema.

Siku ya mbegu ilifika na mawingu yake. Wanawake walipanga mstari uani kwa Skolastika, nyungo zimeegemezwa viunoni, wakinong'ona, kila mmoja akijua na hakuna anayeuliza. Mimi nilikuwa nimesimama kando, karibu na kuni, sina ungo. Nilikuwa nimeshafunga mizigo yangu. Lori lingenichukua kesho yake. Bibi Koleta alifika wa mwisho, ameshikwa mkono na binti yake, amevaa kitenge cha kanisani. Walipomwona mstari ukafunguka, wakaanza kumvuta aende mbele, huyu akimshika bega, huyu akimwita mama, huyu akimwita shangazi. Katika maisha yake hakuwahi kusimama kwenye mstari ule; alikuwa siku zote upande wa pili, mwenye bakuli. Akang'oa mkono wake. "Niacheni hapa hapa," akasema. "Nataka kujua mlikuwa mnangojaje."

Wakamwacha. Mstari ulikwenda polepole. Skolastika alikuwa anachota bakuli, anasawazisha kwa kiganja, halafu anaongeza konzi moja juu, na hakumpendelea mtu wala kumpunja. Zamu ilipofika, wale ndugu wawili hawakutazamana. Bibi Koleta alipiga goti moja kama walivyopiga wenzake wote, akanyoosha ungo mbele, na kwa kuwa hakuona vizuri bakuli liko wapi, Skolastika aliushika ukingo wa ungo ule akausogeza mahali pake. Nikayasikia maharage yakianguka, kwanza kwa kishindo kidogo juu ya ungo mtupu, kisha kwa sauti ya chini zaidi, yakiangukiana.